Kipande cha majani mbele ya nyumba na majina yake yote

Swali: Mimi ni mkalimani huku Marekani. Natafsiri barua za halmashauri za miji kwa familia za Wakongo, Warundi na Watanzania. Barua moja ya Minneapolis ilimtaka mpangaji akate majani ya "boulevard". Nikaandika "barabara kuu", naye akanipigia simu kuuliza tangu lini barabara kuu inafyekwa. Juma hilo hilo ikaja nyingine ya Cleveland yenye "tree lawn", na mwenzangu wa Chicago anasema kwao ni "parkway". Hivi ni kitu kimoja? Na kwa Kiswahili niandike neno gani?

Jibu:

Ni kitu kimoja, na mpangaji wako alikuwa na haki ya kushangaa. Kwa mtu aliyetoka Goma, boulevard ni Kanyamuhanga. Kwa aliyepita Kinshasa ni ile ya 30 Juin. Zote ni barabara pana zenye magari mengi. Huko Minneapolis neno hilo hilo limeshuka cheo: ni kile kipande cha majani, mara nyingi chenye mti mmoja au miwili, kilicho kati ya njia ya waenda kwa miguu na ukingo wa zege unaopakana na lami. Mtu akitoka mlangoni anavuka ua wake, anavuka njia ya miguu, anakanyaga kipande hicho hatua mbili tatu, ndipo anashuka barabarani. Kwa kawaida ardhi hiyo ni eneo la barabara lililo chini ya jiji, lakini kazi ya kuikata majani ni ya mwenye nyumba iliyo mbele yake. Mvutano huo, mali ya mmoja na kazi ya mwingine, ndio unaozaa barua unazotafsiri.

Majina yanabadilika kwa umbali mfupi ajabu. Minnesota na miji mingi ya Kanada husema boulevard. Ukivuka kuingia Wisconsin, Madison wanasema terrace. Chicago ni parkway, kama ulivyoambiwa. Seattle watu husema parking strip, na nyaraka za jiji hupenda planting strip. Springfield ya Massachusetts ni tree belt. Kusini mwa Florida utakuta swale, ambalo lina mambo yake na nitalirudia. Cleveland ni tree lawn, na ukiendesha gari chini ya saa moja kwenda kusini hadi Akron, jimbo lile lile la Ohio, wenyeji wanakiita devil strip, yaani ukanda wa shetani.

Hilo la Akron liliwahi kumtia mtu mbaroni. Mwanaisimu Roger Shuy, aliyefanya kazi nyingi za lugha mahakamani, alipewa barua ya mtekaji aliyedai dola 10,000 ili amwachie mtoto wa kike. Mwandishi alijitia hajui kusoma: neno la polisi aliliandika "kops", la binti akaandika "dautter". Lakini "precious" na "diaper", yenye mitego zaidi, aliyaandika bila kosa. Shuy akaona huyu ni msomi anayejifanya mbumbumbu. Kisha akafika kwenye maelekezo: pesa ziwekwe kwenye pipa la taka la kijani lililo kwenye "devil strip" ya kona fulani. Akawauliza polisi kama katika washukiwa wao yumo msomi wa kutoka Akron. Alikuwemo, na alipobanwa alikiri. Mtu anaweza kuficha tahajia yake, lakini si rahisi kuficha neno ambalo hajui kwamba ni la kwao tu.

Jina lenyewe halikuanzia kwenye majani. Enzi za tramu, devil strip ulikuwa ule uwazi mwembamba kati ya njia mbili za reli katikati ya barabara. Tramu mbili zikipishana, aliyesimama hapo hakuwa na pa kukimbilia. Toronto ilikuwa na uwazi finyu wa namna hiyo, na shirika la usafiri la jiji liliposhika kazi mwaka 1921 lilitandika upya njia zake kwa nafasi kubwa zaidi ili mabehewa mapana yapishane. Akron ya leo jina la kuogofya limebaki mahali ambapo hatari kubwa ni kinyesi cha mbwa.

Kwa nini majina yamekuwa mengi hivyo katika nchi yenye televisheni moja na vitabu vya shule vinavyofanana? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kitu hiki hakina soko. Hakuna anayekiuza dukani kote nchini, hakuna mtihani unaokiuliza, taarifa ya habari ya taifa haikitaji. Anayekitaja kwa maandishi ni halmashauri ya mji, kwenye sheria ndogo zake, na gazeti la mji huo. Neno linaishi ndani ya mipaka ya anayeandika barua. Ndiyo maana ramani yake inafuata mipaka ya miji kuliko ya majimbo.

Wanaoshughulikia kamusi waliliona mapema. Kamusi kubwa ya Kiingereza cha majimbo ya Marekani, iliyohaririwa kule Madison chini ya Frederic Cassidy, ilipeleka watafiti kwenye jumuiya 1,002 kati ya mwaka 1965 na 1970 wakiwa na dodoso la maswali zaidi ya 1,600, na kipande hiki cha majani kilikuwa na swali lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanaisimu Bert Vaux akauliza tena kwa njia ya intaneti. Jibu lililoongoza, kwa zaidi ya nusu ya waliojibu, lilikuwa kwamba hawana neno la kitu hicho.

Likumbuke hilo siku mtu atakapokulaumu kwamba Kiswahili hakina neno. Wamarekani wengi nao hawana. Wakilazimika kukitaja husema "yale majani kati ya njia na barabara", na ndivyo nawe ufanye. Andika: "kipande cha majani kilicho kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara, mbele ya nyumba unayoishi". Ukishakitaja hivyo mara moja, baadaye barua nzima iseme "kipande hicho" au "majani ya kando ya barabara". Kama barua inarudiarudia neno la mji, liache lilivyo mara ya kwanza, ndani ya alama za kunukuu, ili mpangaji akienda ofisini au akipiga simu alitaje na aeleweke.

Mitego sasa, maana si kila neno linalofanana ni ndugu.

Parking ni mtego wa kwanza. Iowa na baadhi ya miji ya magharibi, "the parking" ni majani haya haya, si maegesho. Neno lilianza na maana ya kugeuza sehemu ya barabara kuwa bustani, kabla ya magari kuwapo. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya namna hiyo kwa jiji la Washington mwaka 1870, na hadi leo nyaraka za jiji hilo huita "public parking" ardhi ya umma iliyo mbele ya nyumba za watu. Mkalimani asiyejua ataandika "ni marufuku kupanda miti kwenye maegesho", na mpangaji atacheka, halafu atapanda mti.

Berm ni mbaya zaidi kwa sababu lina maana tatu za kweli. New Zealand ni kipande chetu cha majani. Halmashauri ya Auckland ilipoacha mwaka 2013 kuyakata kwa gharama yake katika mitaa iliyokuwa chini ya halmashauri ya zamani ya jiji, ugomvi wote uliandikwa kwa neno hilo. Ohio yenyewe na magharibi mwa Pennsylvania, berm ni bega la barabara, pale unapoegesha gari likipata pancha. Kwa wahandisi na watunza bustani ni kilima kirefu cha udongo. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri tazama kichwa cha barua: imetoka wapi, na kwa idara gani? Idara ya barabara ikisema usisimame kwenye berm, andika bega la barabara. Na usikimbilie "tuta" hata pale kamusi inapokupa. Mtanzania akisikia tuta barabarani anawaza lile la kupunguza mwendo, breki mguuni.

Pavement linageuka ukivuka bahari. Uingereza ni njia ya waenda kwa miguu; Marekani ni lami yenyewe. Barua ya Marekani inayokataza kusukumia theluji kwenye pavement inamaanisha barabarani, si pale watu wanapopita. Footpath nalo, Ireland na India ni njia ya miguu, lakini Queensland kule Australia watu hulitumia kwa eneo zima la mbele ya nyumba, majani yakiwemo.

Neutral ground la New Orleans si kipande chetu kabisa. Ni ukanda wa katikati unaotenganisha njia mbili za magari, ule ambao Waingereza huuita central reservation na Wamarekani wengine median. Jina linatokana na karne ya 19, Wakrioli wa mji wa kale (wazawa waliosema Kifaransa) na Wamarekani waliohamia baada ya Marekani kuinunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803 walipokaa pande mbili za Canal Street, na ukanda wa katikati ukahesabiwa si wa yeyote. Lina kazi mpaka leo: mvua kubwa ikitabiriwa, jiji huruhusu kwa muda watu kupandisha magari kwenye neutral ground yasizame, na msimu wa gwaride la Mardi Gras watu huelekezana kwa "upande wa neutral ground" au "upande wa sidewalk". Ukiandika "uwanja usio na upande" umetafsiri maneno, na gari la mteja limebaki majini.

Swale la Florida ni majani ya kando ya barabara, ila yamechimbwa makusudi kuwa bonde jepesi la kupokea maji ya mvua na kuyanywesha ardhini. Hapa maelezo lazima yataje bonde hilo, vinginevyo mpangaji hataelewa kwa nini anakatazwa kulijaza kifusi ili lilingane, au kuegesha gari juu yake. Gari hushindilia udongo, maji yakakosa pa kuzama, yakatuama au kuingia kwa jirani. Kwa swale naandika "bonde la majani la kupokea maji ya mvua kando ya barabara". Mtaro halifai, kwa kuwa mtaro kwetu una kuta au angalau unapitisha maji kwenda mahali pengine.

Right-of-way ndilo neno la kisheria linalojificha chini ya yote haya. Kwa dereva ni haki ya kupita kwanza. Kwenye barua ya majani, miti au uzio ni eneo lote la barabara lililo chini ya mamlaka, kuanzia mpaka wa kiwanja chako hadi mpaka wa kiwanja cha ng'ambo. Nimeona tafsiri nyingi zikimwambia mtu kwamba ua wake "unazuia haki ya kupita kwanza".

Ukipata kazi kutoka nje ya Amerika, mambo ni mepesi kidogo. Uingereza ni verge au grass verge, basi. Melbourne na Sydney ni nature strip, Perth ni verge, na huko "verge collection" ni siku halmashauri inapopita kuzoa makochi na majokofu mabovu yaliyotolewa nje. Usiite hiyo "mkusanyiko wa ukingo". Sema siku ya kuzolewa taka kubwa.

Tuje nyumbani, maana nusu ya makosa iko kwenye Kiswahili chetu. Jambo la kwanza ni majani na nyasi. Mtanzania hukata majani. Mkenya hukata nyasi. Mkongo ataelewa majani haraka zaidi. Kwa wateja uliowataja, tumia majani. Lakini vuli ikifika jihadhari, kwa sababu mji ule ule ulioandika Julai kuhusu majani yaliyorefuka utaandika Oktoba kuhusu majani ya miti yaliyoanguka, na neno letu ni moja. Julai andika "majani yaliyoota", Oktoba "majani makavu yaliyopukutika kutoka mitini". Magugu yataje kwa jina lake, maana barua nyingi huyatenga. Ukoka ni neno zuri, ila linaashiria majani yaliyopandwa na kutunzwa; ukimwambia mtu "ukoka wako" kuhusu kichaka cha magugu atadhani unamdhihaki.

Hifadhi ya barabara ndilo neno rasmi la Tanzania kwa eneo la barabara, na wahariri wengi watakushauri ulitumie. Mimi silitumii kwa barua za majani. Kwa Mtanzania lina historia: sheria ya barabara ya mwaka 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati, na watu wengi wanalijua kupitia alama ya X iliyochorwa ukutani na bomoabomoa iliyofuata. Mpangaji anayesoma kwamba yumo kwenye hifadhi ya barabara hatachukua mashine ya kukatia majani, ataanza kufungasha. Na Mkongo au Mrundi asiye na habari hiyo anaweza kusikia hifadhi ya wanyama. Liweke kwa nyaraka za kisheria zinazozungumzia mipaka ya ardhi.

Bustani nalo lina hatari yake ya upole: linatoa ruhusa. Mwambie mtu aliyekulia kulima kwamba ana bustani mbele ya nyumba, na mwezi wa 6 kutakuwa na mahindi na mchicha pale. Miji mingine huruhusu kupanda maua au hata mboga kwa masharti ya urefu, mingine hairuhusu, na miti karibu kote inahitaji kibali. Chicago mti wa parkway ni wa jiji. Minneapolis miti ya boulevard iko chini ya bodi ya bustani za jiji. Mwenye nyumba hakati tawi wala hapandi mche bila ruhusa. Hata kuchimba shimo la nguzo si jambo la kuamua peke yako, kwa kuwa mabomba ya gesi na nyaya hupita chini ya kipande hicho. Kote Marekani namba ya kupiga kabla ya kuchimba ni 811, na wanakuja kuweka alama bila malipo.

Urefu wa majani uutafsiri kwa kipimo ambacho mtu anaweza kukiona. Minneapolis kikomo ni inchi 8, Chicago 10. Inchi 8 ni sentimita 20, pungufu kidogo ya shubiri. Naandika vyote vitatu, kwa kuwa mkaguzi hupima kwa inchi, mtoto wa shule anajua sentimita, na mzee anatanua kidole gumba na kidole cha mwisho akapata jibu pale pale uani.

Kabla ya kuandika, tazama pia barua imeelekezwa kwa nani. Sheria nyingi humdai mwenye nyumba, na nakala humfikia mpangaji. Ukitafsiri "unatakiwa ukate" wakati mkataba unamwachia mwenye nyumba kazi hiyo, umempa mtu mzigo usio wake. Pale ambapo barua inasema mmiliki au mkaaji, andika yote mawili na umshauri asome mkataba wake.

Barua yako ya Minneapolis, kwa hiyo, ningeiandika hivi:

"Kwa mmiliki au mkaaji wa nyumba hii. Majani yaliyoota kwenye kipande kilicho kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara mbele ya nyumba yako (jiji hukiita 'boulevard') yamezidi urefu wa inchi 8, yaani sentimita 20, karibu shubiri moja. Yakate, pamoja na magugu, kabla ya tarehe iliyoandikwa hapo juu. Yasipokatwa, jiji litatuma watu wayakate na gharama itadaiwa kwa mmiliki. Usikate wala kupogoa mti ulio kwenye kipande hicho; ni mti wa jiji."

Sentensi za gharama na mti zibakize pale tu zinapokuwemo kwenye barua yenyewe, usizichukue kwangu. Na iweke nakala vizuri, kwa sababu theluji ikianza neno litarudi kwa sura nyingine: Minneapolis nyumba za kawaida hupewa saa 24 baada ya theluji kukoma kusafisha njia ya miguu, na theluji hiyo haitupwi barabarani. Inatupwa uani au kwenye boulevard.